Staa wetu, tisheti tumeziona. Hela za Hanang ziko wapi?

Wadau wa Kuchele, leo sina umbea mtamu. Sina habari ya nani kamwacha nani wala nani kaonekana kwenye gari la nani. Leo nina hasira, na nimeikalia muda mrefu nikidhani itaisha yenyewe. Haijaisha.

Jina sitaji. Wanaomjua wanamjua, na asiyemjua hapungukiwi kitu. Ni kijana wetu, mtoto wa hapa hapa Mtwara, akaenda Dar akapata jina, na sasa kila akishuka uwanja wa ndege wapiga picha wanakuwa wengi kuliko abiria. Nimemshabikia sana huyu. Nimempigia kura mpaka bando likaisha. Kwa hiyo wale mtakaokimbilia kuandika "wivu tu", andikeni, ila mkimaliza kuandika rudini tuendelee.

Tuanzie kwenye chanzo. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani kule Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mnakumbuka zile video, nyumba imejaa matope mpaka dirishani, lori limelala ubavu, watu wanachimba kwa mikono. Kutoka hapa kwetu mpaka Katesh ni zaidi ya kilomita 1,000. Wengi mtaani kwetu Chikongola walikuwa hawajawahi hata kuisikia hiyo Katesh. Kuna mzee aliniuliza kama ni Tanzania hii hii.

Ila watu walichanga. Na hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndo penye uzito.

Ilikuwa msimu wa korosho, minada inaendelea, waliobahatika malipo yalikuwa yameshaingia kwenye akaunti. Mama mmoja pale mtaani, kijumbe wa mchezo wa akina mama, akachukua lile daftari lake la siku zote, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu: HANANG. Hakuitisha kikao. Hakuna bango wala spika. Alipita mlango kwa mlango jioni mbili. Muuza mihogo 500. Bodaboda 1,000. Mstaafu 5,000. Mkulima aliyekuja mjini kutoa hela yake benki akatoa 20,000 na hakutaka risiti, mama akamlazimisha ataje jina. "Mwanangu, mimi naandika hata mia mbili," ndivyo anavyosemaga. Bibi mmoja hana hela akaleta blanketi, akasema amesikia huko mlimani ni baridi. Na kweli ule mlima una zaidi ya mita 3,400, watu wamelowa na nyumba hawana. Sisi wengine tulikuwa tunakusanya vijora na fulana za joto la pwani. Bibi ambaye hajavuka hata Lindi ndiye aliyefikiria baridi.

Jumla ikafika shilingi 412,500. Niliiona mwenyewe, imejumlishwa mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Ndipo timu ya staa ikatokea. Vijana watatu, miwani myeusi jioni, heshima zote, "mama shikamoo". Wakasema kijana wenu ameguswa sana, anakusanya michango ya Mtwara nzima, anakwenda Katesh na gari, atakabidhi mwenyewe na jina la mtaa wenu litatajwa laivu. Akina mama wakatazamana. Mtoto wa nyumbani huyo, mama yake tunasali naye. Wakampa hela, na blanketi juu yake. Kijumbe akaomba saini kwenye daftari. Yule kijana mwenye miwani akacheka, "Mama, huku hatuandikiani, kila kitu kitakuwa mtandaoni."

Kilichokuja mtandaoni mlikiona wote. Tisheti nyeupe, mbele uso wake, mgongoni maneno ya pole. Tena uso wake ulikuwa mkubwa kuliko neno Hanang. Laivu ya karibu saa nzima, namba ya kutuma mchango inapita chini ya skrini, yeye analia, anafuta machozi, anasalimia mashabiki wa Oman, analia tena. Kesho yake picha tatu amesimama mbele ya magunia dukani. Dukani, jamani, siyo Katesh. Kisha kimya. Wiki mbili baadaye ni wimbo mpya.

Kwa kuwa mimi sina dogo nikamfuata jamaa anayechapisha tisheti mjini nikamuuliza bei. Kwa idadi niliyohesabu kwenye zile picha, kama tisheti 30, na kwa bei ya 13,000 aliyonitajia, inakuja 390,000. Haya, chukueni ile jumla ya mtaa wetu mlinganishe wenyewe.

Sasa sikilizeni. Sisemi kala. Sina ushahidi kwamba kala, na nikisema hivyo nitakuwa mzushi kama wazushi wengine. Inawezekana tisheti alilipa mfukoni mwake. Inawezekana hela zilifika na blanketi la bibi limemfunika mtoto wa watu. Ninachosema ni kwamba hajaonyesha. Akina mama walipotuma ujumbe kuuliza wakajibiwa kwamba hela "zimeunganishwa na za wadau". Walipouliza wadau gani, wakapigwa bloku. Kijumbe mwenyewe hana hata Instagram, aliyepigwa bloku ni binti yake.

Najua kuna utetezi, na mwingine una maana. Kwamba bila mastaa hela nyingi zisingepatikana. Kweli kabisa. Mtu mmoja mwenye wafuasi wengi anaweza kupata kwa saa moja kile ambacho kijumbe atatembelea miezi. Mimi sina tatizo na kiki, kiki ndo mtaji wake, kama mashua kwa mvuvi wa Msimbati. Lakini mvuvi akirudi anamwaga samaki hadharani, mnada unapigwa, kila mwenye fungu lake anajua kapata ngapi. Huyu wa kwetu alirudi na mashua imefunikwa turubai halafu anataka tumpigie makofi kwa sababu bahari ilikuwa chafu.

Utetezi wa pili ndo unaonichekesha, kwamba sadaka ni siri. Sadaka gani ya siri ina tisheti? Ukitaka siri toa ya kwako, hatutakuuliza. Hela ya muuza mihogo siyo siri yako wewe.

Na msidhani haya mambo ni ya kubahatisha. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 nchi nzima ilichanga. Mwezi huo huo Rais Magufuli akatengua uteuzi wa maofisa wawili wakubwa wa kule, ikielezwa kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Hao ni watumishi wa umma, wana mafaili na wakaguzi. Sasa mtu asiye na faili hata moja, mwenye laini ya simu na meneja, yeye nani anamkagua? Ni sisi, kwa kuuliza tu. Na tukiuliza tunaitwa wenye roho mbaya.

Njia zipo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kuna kamati za maafa kuanzia mkoani mpaka huku chini vijijini. Staa angeweza kukusanya, akapeleka kwa mkuu wa mkoa, akapewa karatasi, akaiposti hiyo karatasi na akavaa tisheti yake juu. Tungempenda mara mbili. Kule Hanang kwenyewe waliopoteza makazi walijengewa nyumba 109 eneo la Waret, na mwenye mashaka anaweza kupanda basi akazihesabu moja moja. Huu msaada wa staa wetu tukauhesabie wapi? Kwenye kapsheni?

Hapa ndo panaponiuma hasa, na ndiyo sababu naandika leo.

Desemba iliyofuata, 2024, msimu wa korosho tena, tarehe 15 Kimbunga Chido kikitoka kuivuruga Mayotte kikapiga Mecúfi, kule Cabo Delgado, karibu na Pemba. Pemba ya Msumbiji, siyo ya Zanzibar. Watu zaidi ya 100 walikufa nchini humo. Kwa mtu wa Dar hiyo ni habari ya nje, inasomwa baada ya siasa na kabla ya mpira. Kwetu siyo nje. Ukifika Kilambo ukavuka Ruvuma unakutana na watu wanaoongea Kimakonde kama chako, majina kama yako, na mara nyingi shangazi ni mmoja. Na wengi tunakumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja. Mtwara tuliambiwa tujihadhari, watu wakafunga maduka, watoto wakabaki nyumbani, tukakesha tunasikiliza upepo. Kikapinda kidogo tu kikaangukia Cabo Delgado. Wao walipokea kilichokuwa chetu.

Kwa hiyo kijumbe akachukua tena daftari. Ukurasa mpya, akaandika MECUFI. Akatoka jioni mlango kwa mlango kama mwaka uliopita, na mimi safari hii nilimsindikiza kumshikia tochi.

Kwenye nyumba ya tatu kijana mmoja, yule yule bodaboda wa 1,000, akamwambia, "Mama, tisheti za mwaka huu rangi gani?" Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka, akaandika jina lake na kuweka kistari mbele yake, tukaondoka. Nyumba ya tano wakasema wataleta wenyewe. Nyumba moja walizima taa tukiwa mlangoni, nawaambia ukweli. Yule mstaafu alitoa, ila akamvuta mama pembeni akamuuliza taratibu kama zile za Hanang walikula wawili au yeye hakupata. Mama wa watu ambaye kwa miaka yote ya mchezo hajawahi kupoteza hata mia ya mtu.

Na tulipofika kwa dada mmoja anayeuza vitumbua tukamkuta ameshika simu tangu asubuhi anatafuta ndugu zake kule kule, mtandao haushiki. Yeye ndiye alitoa 2,000. Mtu wa msiba anachangia msiba wake mwenyewe, huku nyumba ya pili wanazima taa.

Siku mbili, 38,000. Kutoka 412,500.

Mimi siwalaumu sana waliozima taa. Waliumwa na nyoka, sasa wanaona kamba wanakimbia. Lakini dada wa vitumbua alimkosea nini staa wetu? Watu wa Mecúfi hawajui hata kama yupo. Hiyo tofauti ya 374,500 ndiyo bei ya ile laivu, na hakuilipa yeye.

Kwa hiyo kaka yetu, maana najua unasoma hapa, na siku tulipokuandika vibaya kuhusu gari la kukodi ulitujibu baada ya dakika kumi. Hatutaki machozi mengine wala tamasha la hisani. Tunataka vitu vidogo. Mtaa wetu ulikupa 412,500 na blanketi moja la kahawia. Mitaa mingine ilikupa ngapi? Jumla ilikuwa ngapi? Ulimkabidhi nani, siku gani, na nani alisaini? Piga picha karatasi hiyo uitupie hata saa nane usiku bila kapsheni. Kama tisheti zilitoka kwenye michango sema zilitoka kwenye michango, watu watakutukana wiki moja kisha watasahau, wabongo tunakujua tulivyo. Na kama hela hazikwenda, bado zinaweza kwenda. Cabo Delgado bado ipo pale pale ng'ambo ya mto.

Kijumbe bado ana lile daftari. Chini ya jumla ya HANANG alichora mstari kwa rula, akaandika "Imepokelewa na", akaacha nafasi. Wiki iliyopita nimeona ameanza ukurasa mwingine wa mchezo wa mwezi huu, ila ule hajaufunga. Kalamu nyekundu anayo.