Mlimani Nguvu Pekee Si Kinga

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Neno hilo humfaa kila msafiri, lakini humfaa zaidi apandaye mlima mrefu, awe ni askari aliyetumwa kulinda mpaka au kijana atakaye kuiona theluji ya Ruwenzori. Wapo wengi wadhanio kwamba mwenye kifua kipana na miguu iliyozoea mazoezi hawezi kudhuriwa na kimo cha mlima. Dhana hiyo imewaua vijana wenye afya njema.

Mwezi wa Oktoba 1962 vita vilizuka kati ya India na Uchina katika milima ya mpakani. Askari wengi wa India walisafirishwa upesi kwa ndege kutoka nchi tambarare hadi Ladakh, ambako mji wa Leh uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wengi waliugua pasipo kupigwa risasi: vichwa viliwauma, walitapika, na mapafu ya baadhi yao yakajaa maji. Mwaka 1969 Inder Singh, daktari wa jeshi hilo, pamoja na wenzake, walitoa taarifa juu ya wanajeshi 1,925 waliopatwa na ugonjwa wa mlimani. Hao hawakuwa wazee wala wadhaifu. Walikuwa askari wa kazi.

Sababu yake ni nini? Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa kiasi kile kile cha pwani, yaani karibu sehemu 21 katika kila 100. Lakini kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa yenyewe inavyokuwa nyepesi. Kwenye kimo cha mita 5,500, mkandamizo wa hewa ni nusu tu ya ule wa pwani. Kila pumzi huleta oksijeni haba.

Mwili hauketi bure. Katika saa za kwanza mtu huvuta pumzi kwa wingi na moyo hupiga mbio. Katika siku zifuatazo figo hurekebisha damu kwa njia ya mkojo, ili pumzi hizo nyingi ziweze kuendelea bila madhara. Figo hizo hizo huupelekea uboho wa mifupa habari kwamba chembe nyekundu za damu zinahitajika zaidi, nayo ni kazi ya majuma kadhaa. Hakuna amri iwezayo kuiharakisha.

Watu wa Tibet, ambao wazee wao wameishi juu kwa maelfu ya miaka, wamerithi miili iliyozoea. Damu yao haiwi nzito kupita kiasi, na watoto wao huzaliwa na uzito mzuri kuliko watoto wa wageni waliohamia huko. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, wao huongeza chembe nyekundu kwa wingi. Lakini kwa baadhi yao damu huwa nzito mno hata ikaleta maradhi, kama daktari Carlos Monge wa Peru alivyoeleza katika miaka ya 1920. Basi alichopewa mwenyeji na vizazi, mgeni hana budi kukitafuta kwa siku.

Kanuni ni nyepesi. Apitaye mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne apumzike siku moja. Ajiepushe na pombe na dawa za usingizi. Aumwaye kichwa na kutapika asiendelee kupanda mpaka apone. Lakini akihema hali ameketi, akikohoa povu, akipepesuka kama mlevi au akisema maneno yasiyoeleweka, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe ateremke peke yake.

Kilele cha Margherita, katika Ruwenzori, kina mita 5,109. Kanuni hizi zinahusu huko pia. Kwa hiyo mkubwa wa kikosi asimwite mgonjwa mvivu, na mgonjwa naye asifiche maumivu kwa kuona haya. Mke na watoto wanaomngojea nyumbani hawatauliza alifika kileleni siku ya ngapi. Watafurahi kwamba amerudi.