Deni Kwanza, Sadaka Baadaye



Makampuni ya bima ya afya yamezuka na neno kubwa, nalo ni "uwajibikaji kwa jamii". Bwana mkubwa hutoka Dar es Salaam, akapeleka mashuka na vitanda viwili katika zahanati ya shamba, akapigwa picha, akarudi zake. Kesho yake twaambiwa kuwa kampuni ina huruma. Sisi hatuna ugomvi na mashuka. Mgonjwa na alalie, na aliyetoa Mungu amlipe. Lakini twauliza: huo ndio wajibu wenyewe, au twavikwa kilemba cha ukoka?

Na tutazame Mgeta, katika milima ya Uluguru. Watu wa Nyandira, Langali na Tchenzema ndio walimao kabeji, karoti na mbatata zinazoshuka hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Wanawake huteremka na mizigo kichwani katika njia zisizopita gari. Mto Mgeta nao waingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar es Salaam, hata katika ofisi za mabwana wa bima. Basi nani mwenye fadhila juu ya mwenziwe?

Mkulima huyu hana mshahara wa kukatwa kila mwezi. Fedha yake huja na mavuno, na bei ikianguka haiji. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya 1999, ulianza na watumishi wa Serikali. Mkulima alipewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ulipotengenezwa upya mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Makampuni binafsi yao macho yako mjini, kwa wenye mishahara. Mlimani hupeleka zawadi.

Na kadi peke yake si tiba. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilikataa kupokea kadi za Mfuko wa Taifa kwa mzozo wa bei mpya. Wakubwa walibishana mezani, na mgonjwa alisimama mlangoni. Siku ile mashuka ya zawadi yangemfaa nini?

Sisi wenye maduka twalijua jambo hili kwa daftari zetu. Mtu akichukua samaki wa mvuvi kwa mkopo, muda ukafika asilipe, kisha Ijumaa akagawa tende msikitini, je, mvuvi atamsifu? Tulifunzwa chuoni kuwa deni lililofika muda wake hutangulia sadaka ya khiari. Mchango wa mwenye bima ni amana, na tiba yake ni deni. Kampuni icheleweshayo madai, au itafutayo kijineno cha kuyakataa, kisha ikagawa vitanda, yatoa sadaka kwa mali ya mwenye kudai.

Hata India, ambako sheria ya 2013 yayalazimisha makampuni makubwa kutoa asilimia 2 ya faida kwa ajili ya jamii, kazi ya kawaida ya kampuni haihesabiwi katika mchango huo. Kazi ni kazi, na hisani ni hisani.

Nasi visiwani jambo hili latuhusu, kwani Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umewekwa kwa sheria ya 2023, na Bara Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka huo huo. Kwa hiyo, wanachama, akija mtu na picha za zawadi, muulizeni mambo matatu. Madai mwayalipa kwa siku ngapi? Mangapi mmeyakataa, na kwa sababu gani? Na kadi yenu yapokewa wapi nje ya mji?

Akijibu kwa hesabu, tutampongeza kwa vitanda vyake. Akijibu kwa picha nyingine, tutakuwa tumekwisha kumjua.