Tarehe Aipange Kambale

UKINGONI, na Zakaria Chilongola

Vijana sita walinijia nyumbani Lumuma jioni moja wiki iliyopita, mmoja ameshika daftari. "Shikamoo mjomba. Tumemaliza kuuza vitunguu, tunataka kwenda kuvua pamoja siku tatu. Tunaomba utushauri, na ukiweza twende wote." Nilifurahi mno. Mara nyingi fedha ya vitunguu ikishaingia mfukoni kila mtu hushika njia yake, na hawa wameamua kukaa pamoja.

Daftari lenyewe lilipangwa vizuri. Kulikuwa na mafuta ya pikipiki, unga, mchele, turubai, spika ya muziki na vinywaji, na kila jina lilikuwa na mchango wake mbele. Walichokuwa bado wanabishania ni kama waende Kidete, chini kidogo kwenye Mkondoa, au wavuke hadi bwawa la Mtera. Tarehe ilikuwa 27 Desemba, maana ndugu zao wa Morogoro na Dar es Salaam watakuwa wamerudi kwa Krismasi. Nikawauliza wanakwenda kuvua samaki gani. Wakatazamana.

Hapo ndipo nilipowaomba tuanze upya, na naomba kila kikundi kinachopanga safari kama hii nacho kifanye hivyo.

Mwishoni mwa Desemba mvua imeshashika. Mto unafurika, maji yanatambaa kwenye majani ya kandokando, na kambale anatoka mtoni kuyafuata. Anakwenda kutaga. Jike kubwa hubeba mayai makumi ya maelfu, huyaachia majanini yanate hapo, na kwa siku moja au mbili huwa yameanguliwa. Siku hizo kambale hana pa kujificha. Maji yanaishia magotini, mgongo wake unaonekana, na mtu asiye na ndoana wala mshipi anaweza kumpata kwa panga.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Nikiwa kijana tulikwenda wanane na mapanga mvua za kwanza zilipoanguka, tukarudi na magunia mawili. Tulipowapasua, matumbo yalikuwa yamejaa mayai ya kijani hadi shingoni. Mama alisimama mlangoni akayatazama, akaingia ndani bila kusema kitu. Mwaka uliofuata tulirudi pale pale mara mbili tukaambulia vyura. Nimekuwa nikiyafikiria yale magunia kwa miaka mingi.

Tena mvua ni hatari kwa watu wenyewe. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa reli ya kati kwenye bonde hili, kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi. Maji yaliyobeba mataruma ya reli hayatashindwa na turubai la vijana waliolala mchangani. Mvua inaweza kunyesha huko juu milimani nanyi mnatazama nyota, kisha mto ukawafikia usiku.

Nikawashauri waende Nane Nane. Ni sikukuu ya wakulima, wa mjini nao wana mapumziko, mto umetulia na njia ni kavu. Lakini Agosti nayo ina masharti yake, na hapa niliwashika muda mrefu kidogo. Kiangazi maji hupungua yakabaki madimbwi, na samaki wote wa mto hujibana humo kungoja mvua. Wale ndio mbegu ya mwaka unaofuata. Ukizungusha kokoro kwenye dimbwi, au chandarua, umechukua na wazazi wa samaki wa kesho. Kwa hiyo ndoana tu, na idadi mkubaliane mkiwa bado nyumbani, kwa sababu mtu aliyekwisha kupata kambale wanne hataki kusikia habari ya kuacha. Perege akitoka na vifaranga au mayai mdomoni, mrudisheni majini upesi; jike huwalea humo humo kinywani.

Kuna jambo jingine nililolisema kwa sauti ya juu. Katika bonde la vitunguu, chupa ya dawa ya kuulia wadudu haikosekani stoo. Wazee walitumia utupa kulewesha samaki, siku hizi wapo wanaomwaga dawa ya bomba majini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na hata isingekataza: maji ya Lumuma yanaingia Mkondoa, Mkondoa unakuwa Wami, na Wami unaingia baharini karibu na Saadani. Njia nzima hiyo kuna mtoto anayechota kwa ndoo. Nilitaka sharti la kutotumia sumu liandikwe ukurasa wa kwanza, juu ya unga na mchele, na mwenye daftari akaliandika.

Mengine ni mepesi. Mmoja aende kwa afisa uvuvi wa wilaya kuuliza leseni kabla ya michango kukusanywa. Mto uliomo ndani ya Hifadhi ya Mikumi usiguswe kabisa. Wakichagua Mtera, wasiingie majini kuoga, kuna mamba na viboko. Chumvi ya kutosha na kichanja cha kukaushia kwa moshi, maana barafu haitafika. Nyungunyungu wachimbwe mapema kwenye mifereji ya vitunguu, na kambale avuliwe usiku, ndipo anapokula. Mgawo uwe kwa kichwa, hata kwa yule atakayebaki kambini kupika bila kushika mshipi.

Mdogo wao akasema kaka yake hapati ruhusa Agosti, kiwandani wanabanwa. Walinyamaza. Kisha mwenye daftari akafuta 27 Desemba, akaandika 8 Agosti, na chini yake: "Kaka apigiwe simu leo, aombe likizo mapema." Jina langu wameliweka la saba. Mishipi yangu miwili nimeshaitoa darini.