Turudishe imla, magazeti yaidhamini





Tarehe 8 Julai, 2021, huko Orlando, Marekani, binti wa miaka 14 kutoka Louisiana, Zaila Avant-garde, alilitaja herufi kwa herufi neno "Murraya", jina la miti ya Asia iliyo jamii moja na michungwa yetu. Akawa bingwa wa mashindano ya taifa ya tahajia ya Scripps. Mashindano hayo yalianza 1925, na kabla yake hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kuyashinda. Mtoto mweusi aliyemtangulia alitoka Jamaika: Jody-Anne Maxwell, mwaka 1998. Zaila alisema siku nyingi alijifunza kwa saa 7. Wala si mtoto wa kujifungia na vitabu tu, maana tayari alikuwa na rekodi za dunia za kudunda mipira kadhaa ya kikapu kwa pamoja.

Nilimsimulia mjukuu wangu wa darasa la tano hapa Mbagala. Akacheka: "Babu, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Tushindane nini?"

Ni kweli. Lakini tunakitamkaje? Kutoka Mbagala hadi Tegeta someni vibao: "thamani za ndani" kwa samani, "usikojoe apa". Mwaka juzi ilikuja kwetu barua ya posa. Kijana wa watu aliandika kwamba wazazi wake wako tayari kuelezwa "mahali". Wazee wakajibu kwa kutaja mtaa na namba ya nyumba. Wiki mbili kila upande ukangoja, wenzetu wakidhani tumekataa kutaja mahari. Baadaye tulicheka, lakini binti yetu alilia wiki hizo zote mbili.

Simcheki kijana. Zipo lugha zetu nyingi za nyumbani zisizotenganisha r na l. Kazi ya kumzoesha sikio ilikuwa yetu walimu. Nami nakiri: darasa lilipojaa, kitu cha kwanza nilichoacha ni imla, kwa kuwa masahihisho yake hayana mwisho.

Mwaka ule ule wa 1925 ulifanyika mkutano wa elimu hapa Dar es Salaam uliofungua njia ya kusanifisha Kiswahili, hata kamati ikaundwa 1930. Wenzetu mwaka huo walianzisha mashindano, na aliyeyaanzisha si serikali. Ni gazeti, Louisville Courier-Journal, likishirikiana na magazeti mengine.

Basi nayaomba magazeti yetu ya Kiswahili, pamoja na BAKITA iliyopo tangu 1967, yaanzishe mashindano ya imla kwa shule za msingi. Kutaja herufi kama Zaila hakutatufaa sana. Isomwe habari fupi redioni, watoto wa Temeke, Kinondoni na Kigoma waiandike saa ile ile, na mshindi apigwe picha ukurasa wa mbele kama mfungaji wa mabao.

Mjukuu wangu ameshaanza mazoezi. Jana nilimsomea aya moja, akakosa maneno manne. "Halafu" aliliandika bila h. Nilipomkaripia akaniomba nilisome tena, nami nikalisoma. Alikuwa ameandika sawasawa na nilivyotamka.

Mwalimu Mstaafu,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.