Kuli, Shushushu na Kausha Damu

Wahakiki wetu wamezoea kuzigawa riwaya za Kiswahili mafungu mawili: dhati, zinazosomeshwa darasani, na pendwa, zinazosomwa kwenye daladala. Mgawanyo huo umetufanya tuamini kwamba dhuluma ni mada ya wasomi, na wanyonge wenyewe wanataka mapenzi na bastola tu. Mimi siukubali, na shahidi wangu ni Shafi Adam Shafi.

Katika Kuli (1979), Shafi anamfuata Rashidi, kijana wa bandarini Unguja, hadi kwenye mgomo wa 1948, ulioanzia kwa makuli na kuenea mjini. Anatuonyesha kazi yenyewe, ujira usiokidhi haja, na mwili unaochakaa kwa faida ya mtu mwingine. Katika Vuta n'kuvute (1999) anasogea karibu zaidi na msomaji wa daladala. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anampenda Denge, mpinga ukoloni anayewindwa na polisi. Mapenzi yamo, siri zimo, jela imo. Unafungua kurasa kwa hofu ya yatakayompata Denge, na katika hofu hiyo hiyo unaujua ukoloni ulivyoingia hadi vyumbani mwa watu. Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikatoka 2021.

Mpime Shafi na Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya za kijasusi. Shushushu wake, Willy Gamba, anapambana na makaburu na vibaraka wao. Enzi hizo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na vita ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini adui akishakuwa mgeni mwenye bunduki, mhudumu anayemletea Gamba kinywaji hana wa kumdai. Mshahara wake si sehemu ya hadithi.

Kuna hoja nzito dhidi yangu. Taharuki hutaka shujaa mmoja, ilhali mgomo hufanywa na umati. Ni kweli, na hata Kuli haijalikwepa jambo hilo lote. Kinachoiokoa ni kwamba Rashidi anaamshwa na wenzake, hazaliwi kiongozi.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ile ya kumhukumu aliyeonewa. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni, watu wakishughulishwa na ngono iliyomo. Wachache walimtazama Zakaria, baba mkali mlevi, au wanaume wenye vyeo waliomtumia binti yake, Rosa. Tangu hapo hadithi ngapi za magazetini zimemfikisha msichana mjini, zikamharibu, zikamuua, kisha zikamwachia yeye lawama yote! Mwenye nyumba, bosi na mpenzi mwenye gari wanatoka salama.

Ndiyo maana nangoja riwaya ya kausha damu, mikopo ya riba kali, isiyomwacha mdhulumu atoke salama. Mama lishe anakopa ili aongeze mtaji, marejesho yanadaiwa kila wiki, biashara ikiyumba anakopa pengine kulipia pale pa kwanza, mwisho wakopeshaji wanakuja kubeba godoro na jokofu. Hapo taharuki haihitaji kubuniwa. Mwandishi aijue riba inavyopigwa, amjue anayegonga mlango na aliyemtuma, kisha aichape kwa sura fupi fupi zinazosomeka kwenye simu, maana mama lishe naye anayo simu.