Mgeni Asiye na Jina

Mwalimu wa Hamugembe, Bukoba, akiisha kuziwekea kompyuta za darasa toleo la Windows 11 la mwaka 2024, huenda akaona mafaili yaliyosomwa na wote jana hayafikiki leo. Waya ni mzima. Kompyuta iliyoboreshwa hukataa tu kuingia kwa mwenziwe kama mgeni asiye na jina. Fundi mwenye haraka atataka kurudisha SMB1, kanuni ya zamani ya mawasiliano. Asikubaliwe! Mwezi Mei 2017, WannaCry ilipenya katika ufa wa kanuni hiyo, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Afadhali kila mwanafunzi asajiliwe jina na neno la siri, ijapokuwa kazi hiyo inachosha. Kompyuta kuukuu isiyojua kanuni nyingine, mafaili yake yahamishwe, nayo itolewe mtandaoni.