Reli Isiyo na Treni Isikatwe Vipande

Wapo wanaoamini kuwa treni ikikoma kupita, reli nayo imekufa, na ardhi yake ni mali ya marehemu ya kugawanwa na warithi. Imani hiyo haina mashiko. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ipo njia ya takriban kilomita 51 inayoikanusha. Kampuni ya reli ya Chicago and North Western iliacha kuitumia mwaka 1964. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikainunua, na mwaka 1967 ikafunguliwa kuwa njia ya baiskeli kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta. Aghalabu huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Makala haya yanashikilia kuwa thamani ya njia hiyo haitokani na uzuri wa mandhari yake pekee, bali na kwamba ilihifadhiwa ikiwa nzima.

Safari ya kundi ya siku moja inatosha kuithibitisha hoja hii. Waendesha baiskeli wanaoondoka Elroy asubuhi hupita Kendall, ambako stesheni ya kale imegeuzwa kuwa makao makuu ya njia, kisha Wilton na Norwalk, hadi Sparta jioni. Nchi yenyewe ni ya vilima na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Katika barabara za magari za eneo hilo, kundi husambaratika mapema: wenye misuli hutangulia, wachovu huachwa nyuma wakihema. Njia ya reli ina tabia nyingine. Garimoshi halikuweza kukwea mlima mkali, hivyo wajenzi walichonga miamba, wakajaza mabonde, na palipokuwa na kilima kisichozungukika wakakitoboa. Leo mtoto wa miaka kumi na nyanya yake hunufaika kwa udhaifu huo wa garimoshi. Mwinuko ni nadra kuzidi mita 3 kwa kila mita 100. Kwa hiyo kundi zima huweza kufuata mwendo wa aliye nyuma, na aliye mbele asione kuwa ananyimwa chake.

Fauka ya hayo, yapo mahandaki matatu yaliyochimbwa katika miaka ya 1870. La tatu, baina ya Norwalk na Sparta, lina urefu wa zaidi ya mita 1,100. Humo mna giza totoro, maji hudondoka kutoka juu hata siku ya jua kali, na kila mtu hutakiwa kushuka na kuisukuma baiskeli yake. Baiskeli ya bei ghali na baiskeli kuukuu huwa sawa, na mwenye tochi humulikia asiye nayo. Ni wapi pengine ambapo watu hufunzwa kusubiriana bila kuhubiriwa?

Wapinzani wa njia za namna hii wana hoja mbili zisizostahili kubezwa. Kwanza, husema kuwa ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya treni yapasa kurudishiwa wenye mashamba jirani pindi treni inapokoma. Mgogoro huo ulifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1990 iliidhinisha sheria ya kuzihifadhi njia hizo, huku ikiwaachia wenye ardhi nafasi ya kudai fidia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Anayestahili fidia na alipwe. Lakini ukanda mrefu ukishauzwa kipande kwa kipande, hakuna fedha itakayouunganisha tena kwa urahisi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, huhofiwa kuwa baiskeli itamzika treni. Kinyume chake ndicho kweli. Sheria yenyewe, ya mwaka 1983, iliruhusu njia zitumiwe na umma huku zikiwekewa akiba kwa ajili ya treni zitakazorudi. Kwamba treni hurudi si ndoto: hapa Kenya, treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejea mwaka 2020 baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Iliweza kurejea kwa kuwa ilikuwapo njia ya kuirejelea.

Tangu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ifunguliwe mwaka 2017, macho ya wengi yameelekea huko. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Matawi ya reli kongwe yanayosinzia hayafai kuhesabiwa kuwa viwanja vinavyosubiri hati miliki. Nchini mwetu baiskeli si chombo cha kujiburudisha pekee. Hubeba maziwa, maji na mwanafunzi anayechelewa shule. Njia tambarare isiyo na malori ingewafaa hao kabla ya kumfaa mtalii. Nao waliokwisha kujenga kandokando mwa reli wasikizwe mapema, wasingoje kuamshwa na tingatinga.

Jambo linalodaiwa, basi, ni dogo kwa gharama ila kubwa kwa matokeo: kila tawi lililonyamaza litangazwe kuwa mali ya umma isiyokatwa, lipitwe na watu na baiskeli hadi treni itakapolihitaji. Njia iliyokatwa mahali pamoja tu haimfikishi mtu Sparta.